Brashi Niliyopewa Kwenye Mawe

Haya ninayoyaandika sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na sijanywa hata togwa. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu. Mzee akisimulia jambo kama hili vijana wanatazamana, halafu mmoja anauliza mzee alikuwa ameshiba nini siku hiyo. Sikuwa nimeshiba kitu. Kama huamini, ishia hapa hapa, nenda kasome habari za mpira. Lakini kama unakaa karibu na ziwa na una binti nyumbani, nakushauri uvute kiti.

Mimi ni mtu wa mashine za kusaga. Shule niliiacha nilipojua kuandika jina langu, nikaona inatosha. Nilibeba magunia Kisesa mpaka mgongo ukazoea, nikanunua mashine mbovu ambayo kila mtu alisema ni chuma chakavu, nikaifufua kwa mikono hii, nayo ikanizalia nyingine. Ilipokuja biashara huria, wakati kila mtu anajifunza kuuza, mimi nilikuwa nimeshajenga nyumba Ilemela, juu ya miamba, unaliona ziwa ukiwa bado kitandani. Hakuna aliyenishika mkono.

Na hakuna aliyenishika shavu pia. Kwa kinyozi sijawahi kukaa tangu niote ndevu. Sipendi mtu asimame na wembe shingoni pangu huku ananiuliza habari za nyumbani. Nilikuwa najinyoa mwenyewe kila asubuhi barazani, kioo kimetundikwa kwenye nguzo, kopo la maji ya moto, ile mashine ya chuma ambayo unaifungua juu unaweka wembe, na brashi.

Hapa lazima nikueleze brashi, maana siku hizi watu hawaijui. Kuna mtu anapiga povu kwenye bakuli, halafu ndiyo analipaka. Huyo anaweza kutumia brashi yoyote, hata ndefu na laini kama mkia wa paka. Mimi nilikuwa napiga povu usoni moja kwa moja. Unasugua sabuni kwenye shavu lililolowa, unaizungusha brashi hapo hapo mpaka povu linasimama. Kwa kazi hiyo unataka nywele fupi, zilizojaa, zenye mgongo. Ukizikandamiza shavuni zisilale kama majani yaliyopigwa na mvua, zikusukume. Lakini ncha ziwe laini, la sivyo umejikwangua kabla wembe haujafika. Mgongo mgumu, ncha laini. Jirani yangu Mzee Athumani, mtu wa Tanga aliyeletwa Mwanza na kazi ya reli akastaafu akabaki, alikuwa ananitania kwamba kwa masharti hayo mimi sitafuti brashi, natafuta mke wa pili.

Sasa brashi yangu ya zamani ilianza kupukutika wakati mbaya kuliko wote. Binti yangu Minza alikuwa ameposwa. Mchumba wake ni mwalimu, Mjita wa upande wa Musoma, anaitwa Magesa, kijana mpole wa miwani. Wazee wake walikuwa wanakuja Jumamosi kuleta mahari. Hebu fikiria: wanaume wa Mara wamekaa sebuleni kwangu, nami natokea na nywele za brashi zimenata usoni kama mtu aliyelala kwenye ngozi ya mbuzi. Mke wangu alisema ninunue lile povu la kopo lililoingia madukani, unabonyeza linatoka lenyewe. Nikamwambia povu linalotoka lenyewe ni la mbwa mwenye kichaa.

Alhamisi nikashuka mjini. Brashi zilikuwapo, tena za rangi zote, mipini inang'aa kama pipi, lakini nywele ni za nailoni. Ukibonyeza kwenye kiganja zinachoma kama ufagio wa uani. Kila mwenye duka ananiambia hizi mpya, zimeingia juzi. Nikawaambia zirudi zilikotoka. Kwenye meza za mitumba nikaokota moja ya Kizungu, fupi, nene, nikaanza kufurahi, mpaka nilipoisogeza kwenye mwanga nikaona ncha zimepasuka mbili mbili. Hizo ni nywele za nguruwe. Mimi binafsi sijali, ni Mkristo wa Krismasi. Lakini Mzee Athumani huazima brashi yangu siku za Idi, na ujirani wetu haukustahili kufa kwa ajili ya shavu. Nikairudisha mezani.

Nikawa narudi nyumbani mikono mitupu na hasira imejaa. Nilishika njia ya chini, ile inayopita kwenye mawe ambako akina mama wanafulia. Jua lilikuwa limeanza kushuka ila mwanga ulikuwapo tele. Wafuaji walishaondoka. Mzee Athumani alikuwa pembeni anaosha baiskeli. Na juu ya jiwe la mbele kabisa alikuwa ameketi kijana.

Nitakueleza alivyokuwa, na usinikatize. Alivaa koti la mtumba, zito, la nchi za baridi, vifungo vimefungwa mpaka kooni katika joto lile. Mikono yote mfukoni. Shingo nene iliyoungana na kichwa moja kwa moja, masikio madogo, nywele zimelala chini kama zimepakwa mafuta. Masharubu machache, magumu, yamechomoza kila upande. Na jiwe alilokalia lilikuwa limelowa, ilhali mawe mengine yote yamekauka. Hilo niliona. Nikajiambia ametoka kuoga.

Aliniamkia vizuri, shikamoo, nikaitika. Akasema ananifahamu, mimi ni baba yake Minza. Sikushangaa, nani Ilemela asiyenifahamu? Akasema amesikia natafuta brashi. Hapo pia sikushangaa, nilikuwa nimelalamika mji mzima. Akatoa mkono mmoja mfukoni, vidole vimebanana kama mtu aliyevaa soksi mkononi, akaufungua.

Niamini, sijaona brashi kama ile kabla wala baada. Mpini mdogo wa mti mweusi, unakaa kiganjani kana kwamba ulipimwa. Nywele fupi, za kahawia inayokaribia weusi, zimejaa kiasi kwamba ukizipuliza huoni mwanya. Nikaichovya ziwani, nikaizungusha shavuni pale pale bila sabuni. Ikanisukuma kwanza, halafu ikalegea, ncha zake kama ulimi wa ndama. Nikauliza ni nywele za mnyama gani. Akasema wa huku huku. Nikamuuliza fisi maji? Maana wanyama hao wapo kwenye miamba ile, wavuvi wanawalaani kila siku kwa kutoboa nyavu. Kijana akacheka bila kufungua mdomo.

Nikaingiza mkono mfukoni nimlipe. Akarudi nyuma kama nimemtolea kisu. Akainamisha kichwa, akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyoingia masikioni mwangu:

"Sina mahali, mzee. Nina hii tu. Utaipokea?"

Wewe ungeelewa nini? Wakati ule vijana wa kutembeza bidhaa walikuwa wanafukuzwa kila kona ya mjini, leo kibanda kipo, kesho ni mbao chini. Huyu hana mahali, hana meza wala kibanda, ana brashi moja tu mkononi. Maneno yapo wazi, au siyo? Nikamwonea huruma, na nikajiona mimi mwenyewe nilivyokuwa Kisesa. Nikamwambia nami nilianza vivyo hivyo bila mahali, asione aibu, mahali patakuja baadaye, mimi natazama bidii ya mtu. Akaniuliza kama kweli hilo halinisumbui. Nikasema hata kidogo.

"Basi useme mbele ya mtu," akasema.

Nikadhani anaogopa nisije nikageuka nikamwita mwizi. Nikamwita Mzee Athumani, nikainua brashi juu, nikasema kwa sauti kwamba kijana huyu hana mahali, ana hii tu, nami nimeipokea. Athumani akacheka sana, akasema hongera, akaendelea kusugua baiskeli. Kijana akaniambia, "Asante, baba." Akashuka upande wa pili wa jiwe. Nilisubiri kusikia miguu yake kwenye changarawe. Nilisikia maji tu.

Ijumaa asubuhi niliijaribu barazani. Povu lilisimama kama tui zito, wembe ukapita kama unateleza kwenye siagi. Brashi ilidondosha nywele chache, kama brashi yoyote mpya, nikazimwaga na maji machafu bila kufikiri. Kilichonishangaza ni kwamba haikukauka. Niliitundika juani, saa sita ya mchana inadondosha maji. Naikamua, inatoa mengine. Jioni bado. Na ilikuwa na harufu ya maji ya chini ya gati, yale ambayo jua haliyafikii. Mke wangu akaiweka nje dirishani, akanawa mikono, akanawa tena.

Tangu hapo nyumba ikakosa utulivu. Sijui nikuelezeje. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, nageukia ziwa, bila kujua natazama nini. Mbwa wetu alihamia upande wa barabarani na chakula chake akakikataa. Na Minza, msichana wa kukaa, mshonaji, anayeweza kuinamia kitambaa kimoja kutwa nzima, alikwenda ziwani asubuhi, akaenda tena, akaenda tena, na kila mara ndoo inarudi tupu. Mama yake alimuuliza anatafuta nini huko. Akajibu hatafuti kitu, ila anasikia kama watu wa nyumbani wanamwita, anakwenda, halafu akifika majini anakumbuka kwamba nyumbani ni huku. Aliyasema kwa upole tu. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji, na hakuwa ameoga.

Mama yake alimfunga kanga kichwani akamlaza mapema. Mimi nilikaa kwenye kiti mlangoni. Kwa nini nilikaa mlangoni? Hakuna aliyeniambia.

Jumamosi ikafika, jua zuri. Wageni walikuwa wafike kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo nikatoka barazani kunyoa. Nitumie brashi gani? Sikuwa na nyingine. Nikalowanisha uso, nikapaka sabuni, nikazungusha, povu likasimama. Nikainua wembe, nikatazama kioo.

Kwenye kile kioo, ukisimama kunyoa, unaona ua wangu nyuma yako, na baada ya ua, mawe yanayoshuka mpaka ziwani. Kila jiwe lilikuwa na mtu. Wanaume kwa wanawake, makoti ya mtumba yamefungwa kooni, shingo nene, wametulia kimya, wanautazama mlango wangu kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Yule kijana alikuwa mbele yao, ndani ya ua.

Niligeuka haraka nikitegemea sitamkuta mtu. Si ndivyo inavyokuwa kwenye hadithi? Walikuwapo, wote.

"Shikamoo, baba," kijana akasema. "Tumekuja kumchukua mwenzetu."

"Mwenzenu nani?"

"Minza."

Nilimwambia nilichotakiwa kumwambia, kwa maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia Minza ana mchumba, wazee wako njiani, mahari inaingia leo. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mgonjwa, kwamba mahari nimeshapokea, tena mbele ya shahidi.

Shahidi mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anaingia getini, na kanzu yake safi, maana nilikuwa nimemwalika aketi na wazee. Nikamwita aje kunisaidia kumtoa mwongo huyu. Nikamuuliza: kule kwenye mawe, huyu alisema nini?

Mzee Athumani akayatazama yale makoti juu ya mawe. Akanitazama mimi na povu langu. "Alisema hana mahari," akajibu.

"Mahali," nikasema.

"Mahari, ndugu yangu. Ana hiyo brashi tu, utaipokea."

"Lakini mimi nilikuambia nini? Si nilisema mahali?"

"Wewe ulisema mahali. Lakini wewe mahari yenyewe unaiita mahali! Juzi ulinialika kwenye nini? Ulisema njoo Jumamosi, kuna mahali ya Minza. Nilijua mnataniana. Mzee mzima anaozesha binti kwa brashi, nani asingecheka?"

Wewe wa pwani unaweza kucheka. Lakini sisi Wasukuma, herufi hizo mbili masikioni mwetu ni mlango mmoja. Athumani alitutania miaka yote kwamba siku ya uchaguzi wengine wanapiga kura, sisi tunakwenda kula. Nilikuwa nacheka naye. Sikujua kwamba kuna siku herufi moja itakuja na ukoo mzima kusimama kwenye mawe yangu.

Nyuma yangu nikasikia mlango. Minza alikuwa ametoka, kanga imeanguka kichwani, maji yanamtiririka mpaka mabegani. Mama yake amemkumbatia kiuno kwa nguvu zake zote na hata hivyo anavutwa. Mguu mmoja wa mwanangu ulikuwa umeshavuka kizingiti. Alikuwa anamtazama yule kijana kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo sikuhitaji shule kulijua. Mahari hurudishwa. Baba akiona posa haifai, anarudisha alichopokea, na mambo yanaisha. Nikamnyooshea brashi. Nikamwambia, mbele ya shahidi huyu huyu, posa yako nimeikataa, chukua mali yako.

Akaipokea. Akapitisha kidole juu ya nywele, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Imepungua," akasema.

Zile nywele nilizomwaga na maji. Alikuwa na haki. Hata kwetu ni hivyo. Ng'ombe wa mahari akifia kwako, siku ya kurudisha unatoa wa zizini kwako. Hurudishi pengo. Nikamwambia atazame, nina mashine, nina nyumba, nina duka la unga, achague. Hakugeuza hata shingo kuvitazama. Alikuwa anatazama shavu langu.

"Zilikuwa nywele," akasema.

Mke wangu akalia nyuma yangu, akasema mguu wa pili umevuka. Nikamwambia kijana, chukua.

Akatoa mkono mfukoni, na safari hii niliuona wote. Kiganja kipana, cheusi, na kati ya kidole na kidole kuna ngozi. Akaniwekea shavuni. Baridi yake sijapata kuisikia tena. Akafuta mara moja tu, kutoka sikioni mpaka kidevuni, kama mtu anayemfutia mwenzake povu. Haikuuma. Lakini nilisikia kitu kinang'oka, kama unapochomoa mguu kwenye matope. Akakitazama kiganja chake, akakifumba, akakirudisha mfukoni pamoja na brashi. Akamtazama Minza kidogo. Niseme ukweli, hakumtazama kwa ubaya. Nimeona wakwe wengi wenye macho mabaya kuliko yale. Kisha akageuka, na wote wakageuka naye.

Hatukusikia hata mtu mmoja akiingia majini. Lakini tulipothubutu kusogea, mimi na Athumani, tulikuta makoti yamebaki juu ya mawe, kila moja mahali pake, vifungo vyote vimefungwa mpaka kooni, na ndani hakuna kitu. Makoti mazuri, ya kuvalika. Hakuna aliyeyagusa, hata wafuaji. Yalikaa pale mpaka mvua ikayateremsha.

Minza aliketi kizingitini, akauliza kama wageni wameshafika. Nikamwambia hao wameondoka, wengine wako njiani. Na kweli walifika, wazee wa Magesa, nikaipokea mahari yao nikiwa na povu upande mmoja wa uso. Watu wa Mara ni waungwana. Hakuna aliyeuliza.

Sasa nikuambie yaliyobaki. Shavu langu la kulia halijaota unywele hata mmoja tangu siku ile. Laini kama la mtoto mchanga, na baridi. Upepo wa ziwa ukivuma linatoa maji, nayafuta na leso. Watu nawaambia nilimwagikiwa na maji ya moto, wanaridhika. Nyumba ya Ilemela niliiuza, nikarudi Kisesa, ambako ziwa hulioni. Upande wa kushoto nanyoa kwa povu la kopo, na sitaki maneno. Mzee Athumani, tangu siku ile, hajanitania tena kuhusu kula na kura.

Minza yupo Misungwi na mumewe, ana watoto, ana cherehani yake. Ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini alipokuja kunisalimia safari moja, alinigusa shavu hili, akauacha mkono wake pale muda mrefu. Halafu akatoka nje, akasimama amegeukia upande wa ziwa, ambao kutoka kwangu ni mashamba matupu. Magesa alimwita. Akamwita tena. Akaja mpaka mlangoni akamwita. Aliitika mwishowe, akarudi ndani, akaomba chai kama hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nimeshasimama, na sikuweza kukaa tena siku ile.

Kwa hiyo sikiliza, hasa wewe unayejiona mkubwa, unayejulikana mtaa mzima. Mtu akikukuta karibu na maji, mnyenyekevu, koti limefungwa kooni, akakupa kitu kizuri na kukataa hela yako, usiharakishe kumjibu kwa sababu maneno yake yamekupendeza. Mwambie arudie. Mwambie arudie tena, hata akikuona kiziwi. Na akikuuliza utaipokea, kabla hujafungua mdomo kusema ndiyo, muulize: naipokea kama nini?